UZI: Kampuni za mbegu za kuagiza kwa posta Marekani zinauzwa na kununuliwa. Tununue wapi?

MzeeWaTrei (Maine)

Wakuu, habari za baridi.

Katalogi za mbegu zimeanza kujaa kwenye masanduku ya posta, na kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye bustani swali ni lile lile la kila Januari: kampuni fulani imeuzwa, tuhame au tubaki? Nimekuwa nikijibu vipande vipande, sasa naona bora niliweke hapa lote ili na wa Texas, Minnesota na Kentucky wachangie. Nitazungumzia Marekani kwa sababu ndiko tunakoagizia. Walio nyumbani pia karibuni, mtakutana na majina mnayoyafahamu.

Tuanzie kwenye pakiti yenyewe. Nyuma ya pakiti moja ya mbegu kuna watu watatu. Yupo mtafiti, aliyekaa miaka akichanganya wazazi mpaka ikapatikana aina yenye jina. Yupo aliyezalisha mbegu shambani, ambaye anaweza kuwa Oregon, Chile, Thailand au hata Arusha. Halafu yupo aliyeifunga kwenye pakiti yenye picha nzuri akakutumia. Mara nyingi hawa hawajuani kabisa, na jina mnaloliona kwenye katalogi ni la huyo wa tatu. Ndiyo maana mtu akiniambia kampuni imeuzwa, huwa namuuliza kwanza ni nani kati ya hao watatu aliyeuzwa.

Chukueni Burpee. W. Atlee Burpee aliianzisha Philadelphia mwaka 1876, akaja mwanawe David kuiendesha. Mwaka 1970 ikanunuliwa na General Foods, watu wa vyakula vya madukani. Ikapita mikononi mwa ITT, kampuni iliyokua kwa biashara ya simu. Mwaka 1991 ikachukuliwa na George Ball, wa ukoo ulioko kwenye biashara ya mbegu za maua huko Illinois. Muda wote huo jina kwenye jalada halikuguswa. Aliyefungua katalogi mwaka 1965 na aliyefungua mwaka 1985 waliona Burpee ile ile na nyanya ile ile ya Big Boy iliyotoka mwaka 1949. Mnunuzi wa kampuni ya mbegu ananunua kwanza imani ya wateja, na imani hiyo imekaa kwenye jina. Hana sababu ya kulifuta.

Nitaendelea. Wenye maswali wekeni.

---

MamaSukuma (Minnesota)

Mzee, shukrani kwa uzi. Ila nikuulize bila kuzunguka: mimi nataka mbegu iote basi. Mwenye kampuni awe Mmarekani, Mjerumani au nani, inanihusu nini? Dukani hapa mwezi wa pili naona mbegu zimepangwa kibao tena bei rahisi.

---

MzeeWaTrei

Mama, swali la haki kabisa. Mbegu mpya iliyotunzwa vizuri itaota kwa mwenye yeyote. Mabadiliko ya umiliki yanakugusa baadaye, pale unapofungua katalogi mwaka wa pili au wa tatu baada ya mauzo na ile aina uliyoizoea haimo. Mmiliki mpya amepiga hesabu, akaona aina mia mbili zinaleta faida na mia nne zinakaa ghalani, akazifyeka. Aina ya kwako, inayovumilia majira mafupi ya huku kaskazini, mara nyingi iko kwenye hizo mia nne kwa sababu wanunuzi wake ni wachache.

Na kuna mauzo ambayo huyaoni kabisa, yale ya mtu wa kwanza na wa pili. Habari kubwa kuliko zote ni ya Seminis. Miaka ya 1990 tajiri wa Mexico aitwaye Alfonso Romo alikusanya kampuni kubwa za mbegu za mboga, Asgrow na Petoseed zikiwemo, akaziunganisha zikawa Seminis. Huenda hamjawahi kuona pakiti imeandikwa Petoseed, lakini kama mmelima nyanya Marekani basi mmelima aina zilizoangukia kwenye kapu la Seminis: Better Boy, Celebrity, Early Girl, Big Beef. Mwaka 2005 Monsanto, kampuni kubwa ya mbegu na dawa za kilimo ya Marekani, ikainunua Seminis kwa takriban dola bilioni 1.4. Mwaka 2018 Bayer ya Ujerumani ikaimeza Monsanto yenyewe kwa takriban dola bilioni 63. Wauza pakiti wadogo waliokuwa wakichukua Celebrity kwa jumla wakajikuta wateja wa Monsanto, kisha wa Bayer, ingawa wao wenyewe hawakuuzwa.

Hapo ndipo ninapowaheshimu sana Fedco, jirani zetu hapa Maine. Ni ushirika ulioanza mwaka 1978. Wateja wanamiliki asilimia 60 na wafanyakazi asilimia 40. Habari ya mwaka 2005 ilipotoka waliwauliza wateja wao, kisha wakaacha kununua kwa Seminis. Haukuwa uamuzi mwepesi, maana hizo ndizo aina zilizokuwa zikiombwa na watu. Halafu wakafanya jambo ambalo natamani kila kampuni ingeiga: pembeni mwa kila aina kwenye katalogi waliweka namba ya chanzo. Namba 1 maana yake mbegu imetoka kwa mkulima mdogo, 2 ni kampuni ya familia au ushirika, na kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyosogea kwenye makampuni makubwa ya kimataifa. Mteja anasoma maelezo ya tango, anaona namba, anaamua mwenyewe. Katalogi nyingine nyingi zitakueleza utamu, rangi na siku za kukomaa, lakini mbegu ilikotoka hutaambiwa.

---

Kijana_wa_Kilosa (Texas)

Kwa hiyo mkuu, Monsanto walivyoingia ndio wakaweka GMO kwenye nyanya? Mke wangu hataki kabisa kusikia hizo Big Beef.

---

MzeeWaTrei

Hapana mkuu, tuwe makini hapa maana watu wengi wanachanganya. Big Beef na Celebrity ni chotara, F1, zimepatikana kwa kuchavusha ua la mzazi mmoja kwa chavua ya mwingine. Hazijabadilishwa vinasaba, na hazikubadilishwa baada ya Monsanto kununua. Mahindi, soya na pamba za mashamba makubwa ndizo zenye historia hiyo. Kwa wenye bustani za nyumbani, nyanya ya GMO imeanza kuuzwa Marekani mwaka 2024 tu, ile ya zambarau ya Norfolk, nayo inauzwa ikiwa imetangazwa wazi kwamba ni GMO. Kwa hiyo mama akitaka kuziacha Big Beef kwa sababu hapendi pesa yake iende kwa Bayer, ni haki yake na mimi niko naye. Akiziacha kwa kuogopa vinasaba, mwambie hiyo hofu haipo kwenye pakiti hiyo.

---

BintiMeru (Arusha)

Naomba nichangie kidogo hapo kwenye mtu wa pili, maana umetaja Arusha na mimi nimefanya kazi kwenye shamba la mbegu chotara huku. Watu wanasikia "F1" wanadhani ni mashine. Ni mikono ya akina mama. Unaingia bandani asubuhi na kibano. Unatafuta ua la nyanya ambalo halijafunguka, limeanza tu kugeuka njano, unalifungua taratibu na kung'oa sehemu zote za kiume bila kuligusa shina la katikati. Ukichelewa siku moja ua limejichavusha lenyewe, halina kazi tena. Likishakuwa tayari unaleta chavua ya mzazi dume iliyokusanywa, unalipaka kwenye ncha. Halafu unakata kijani kidogo cha chini ya ua kama alama. Wakati wa kuvuna, tunda ambalo halina ile alama haliingii kwenye ndoo ya mbegu hata liwe zuri vipi.

Mbegu zetu zilikuwa zinaenda Uholanzi. Kutoka hapo zinafungwa kwa jina gani na kuuzwa nchi gani, sisi hatukuambiwa.

---

MzeeWaTrei

BintiMeru, asante sana sana. Hiki ulichoandika kinapaswa kubandikwa kwenye kila katalogi. Watu wanalalamika pakiti ya F1 ina mbegu kumi na bei juu. Sasa wameona kwa nini.

Na umenifungulia mlango wa jambo zito. Chotara ina wazazi wawili, na wazazi hao wanakaa kwa mwenye aina peke yake. Akiamua kuacha kuizalisha, hakuna mkulima duniani anayeweza kuirudisha kutoka kwenye tunda, maana mbegu ya F1 ukiipanda haitoi mmea ule ule. Ramapo ni mfano. Ni nyanya chotara ya Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, iliyotoka mwaka 1968. Watu wa huko waliipenda mno. Kampuni za mbegu zikaacha kuizalisha, ikapotea madukani, na wapenzi wake wakabaki kuipigia chuo simu. Ilirudi mwaka 2008 kwa sababu tu chuo kilikuwa bado kina wazazi wake na kilikubali kugharamia uzalishaji upya. Ingekuwa ya kampuni iliyouzwa mara tatu, sidhani kama tungeiona tena.

---

DadaRehema (Ohio)

Mimi nina donge. Kuna kampuni nimeagiza kwao miaka na miaka, sitaitaja jina. Tangu ibadilishe mwenye, oda inakuja nusu, aina niliyotaka imebadilishwa na nyingine bila kuulizwa, na nikipiga simu anapokea mtu ambaye ukimwambia collards, sukuma wiki ya huku, hajui ni mboga gani. Zamani aliyepokea simu alikuwa analima mwenyewe, alikuwa ananiuliza udongo wangu ukoje. Karoti za mwaka jana zimetoka moja moja kwenye mstari mzima. Nikaamua kuhamia katalogi nyingine. Kufika kwenye malipo naona anwani ni ile ile!

---

MzeeWaTrei

Dada Rehema pole sana. Hilo la anwani ni la kweli na lina historia yake.

Kulikuwa na kampuni moja Illinois, Foster & Gallagher, iliyokusanya majina makubwa ya katalogi za posta: Gurney's, Henry Field's, Michigan Bulb, Spring Hill, Breck's. Gurney's ni ya mwaka 1866, Henry Field's ilianzia Shenandoah, Iowa, mwaka 1892, na mababu wa watu huku walikua nazo. Mwaka 2001 Foster & Gallagher ikafilisika. Majina hayo niliyoyataja yakaishia kwa wenye Gardens Alive! ya Indiana. Kwa hiyo Gurney's na Henry Field's, ambazo zamani zilikuwa zikigombania mteja mmoja, leo ni ndugu wa nyumba moja. Vivyo hivyo Wisconsin: J.W. Jung, kampuni ya tangu 1907, ndiyo iliyo nyuma ya R.H. Shumway, Vermont Bean na Totally Tomatoes. Sisemi hawa ni wabaya. Jung nimeagiza na nimeridhika. Ninachosema ni kwamba ukihama kutoka Shumway kwenda Totally Tomatoes hujahama. Kabla hujabadilisha katalogi angalia anwani ya kurudishia mzigo na jina linalotokea kwenye risiti ya kadi.

Kuhusu karoti zako. Sheria ya mbegu ya Marekani ya mwaka 1939 inaweka kiwango cha chini cha uotaji kwa kila mboga. Nyanya ni asilimia 75, kitunguu 70, karoti 55. Mbegu ya pakiti ikifikisha kiwango, muuzaji halazimiki kuandika asilimia halisi. Ina maana karoti ya 56 na karoti ya 90 zinaweza kukaa kwenye pakiti zinazofanana kabisa na zote zikawa halali. Johnny's, kampuni ya mbegu ya hapa Maine, wao wanachapa asilimia ya uotaji kwenye pakiti pamoja na namba ya shehena. Huo uwazi nauhesabu kuliko picha zote za rangi.

Na kipime mwenyewe kabla ya msimu. Chukua mbegu ishirini, zipange kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki, andika jina na tarehe, weka juu ya friji kwenye joto. Karoti zipe mpaka wiki mbili. Zikiota kumi na nane, panda kwa nafasi. Zikiota tisa, mpigie muuzaji simu ukiwa na hesabu mkononi. Kampuni yenye heshima itakurudishia pesa bila ubishi, na namna wanavyokujibu itakueleza mwenye mpya ni mtu wa aina gani.

---

MamaSukuma

Sasa hapo nimeelewa kwa nini unapigia kelele. Swali lingine: kila ikiuzwa ni mbaya? Hakuna iliyouzwa ikabaki nzuri?

---

MzeeWaTrei

Zipo mama, na ndiyo sababu sipendi kusikia mtu anahama siku ile ile ya tangazo.

Territorial ya Oregon ilianzishwa na Steve Solomon mwaka 1979. Mwaka 1985 akawauzia familia ya Johns, nao wakaendelea na kazi ya kujaribu aina zinazofaa hali ya hewa ya kule. Southern Exposure ya Virginia ilianza 1982 kwa mtu mmoja, mwaka 1999 ikahamia kwa watu wa Acorn, jumuiya inayoishi na kufanya kazi pamoja, na mpaka leo ndiyo ninayoitegemea kwa mboga za joto. Johnny's aliianzisha Rob Johnston mwaka 1973. Alipotaka kupumzika hakuiuza kwa mnunuzi wa nje. Alianza kuwahamishia wafanyakazi hisa mwaka 2006, na ilipofika 2015 kampuni yote ikawa yao. Mtu anayefunga pakiti yako pale kwao Winslow, Maine, ni mwenye mali. Baker Creek ya Missouri nayo mwaka 2010 ilinunua Comstock, Ferre ya Connecticut, nyumba ya mbegu ya karne ya 19 iliyokuwa taabani.

Upande wa pili, Seeds of Change ilianza 1989 kwa mbegu za kilimo hai, ikanunuliwa na Mars, watengeneza chokoleti, mwaka 1997. Mwaka 2010 shamba lake la utafiti huko El Guique, New Mexico, likafungwa. Heronswood ya jimbo la Washington, waliouza mimea adimu, ilinunuliwa na Burpee mwaka 2000, na mwaka 2006 bustani ikafungwa. Mwaka 2012 ikanunuliwa na kabila la Port Gamble S'Klallam, na hao wameifufua.

Ukizitazama hizi zote utaona kinachotofautisha. Ukisikia kampuni imeuzwa, uliza kama shamba la majaribio limebaki na kama watafiti wamebaki. Katalogi inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Shamba la majaribio ni watu wanaopanda aina thelathini za pilipili kila mwaka kwenye udongo wao, wanaonja, wanaandika, wanatupa zilizoshindwa. Likifungwa hilo, katalogi ya mwaka unaofuata bado itapendeza, maana imeandikwa na kazi ya miaka iliyopita. Upungufu utauona polepole.

---

LengaLenga_Bukavu (Kentucky)

Jambo kwenu ndugu zangu. Papa Trei, mimi niko Louisville, nina kipande kwenye bustani ya jamii. Hizi kampuni zote unazotaja zinauza vitu vya Wazungu. Sisi tunatafuta lengalenga, nyanya chungu, mnavu. Tununue wapi?

---

MzeeWaTrei

Ndugu yangu, vipo vingi kuliko unavyodhani, ila vimejificha kwenye majina.

Lengalenga, yaani mchicha, utaukuta umeandikwa "amaranth", na kwa watu wa Karibiani "callaloo". Angalia wameuweka sehemu ya mboga au sehemu ya maua na nafaka. Wa nafaka unalika ila majani yake hukomaa haraka. Nyanya chungu tafuta kwa jina la kisayansi, *Solanum aethiopicum*, ndilo halidanganyi. Mnavu wenye majani mapana, *Solanum scabrum*, Wamarekani wanauza kama "garden huckleberry" kwa ajili ya matunda meusi ya kutengenezea jemu. Ni spishi ile ile ya managu ya Kisii, lakini hiyo imechaguliwa kwa matunda, basi majani usitegemee makubwa kama ya nyumbani. Matunda mabichi yasiliwe.

Kwa wauzaji: Southern Exposure kwa kunde, bamia na collards. Truelove Seeds ya Philadelphia inafanya kazi na wakulima wadogo wengi wakiwemo wenye asili ya Afrika, na kila mbegu inakuja na habari za mkulima aliyeizalisha. Na kuna Ujamaa Seeds, ushirika wa wakulima Weusi na Wenyeji wa Marekani wenye makao Maryland, waliojipanga hasa kwa mazao ya watu wetu. Hizo mbili ni changa na ndogo. Zinaishiwa mbegu mapema, kwa hiyo usingoje Machi.

MamaSukuma, wewe sukuma yako ni collards. Aina ya Georgia inayouzwa hapa ina jina lile lile unaloliona kwenye pakiti za Simlaw, kampuni ya mbegu ya Nairobi. Seed Savers Exchange ya Iowa, shirika lisilo la faida la tangu 1975, wamekuwa wakishirikiana na Southern Exposure na wengine kurudisha aina za zamani za collards zilizokuwa zimebaki kwenye bustani za wazee wa Kusini. Humo kuna zenye majani ya zambarau, na zingine zinavumilia baridi kali.

---

Kijana_wa_Kilosa

Si bora basi kubeba za nyumbani kwenye begi? Nakuja Desemba ijayo, bibi ana mbegu za kila aina kwenye vibuyu.

---

MzeeWaTrei

Usifiche kwenye begi mkuu, tafadhali. Ukikamatwa zinachukuliwa na unaweza kupigwa faini, na kweli kuna magonjwa yanayosafiri na mbegu. Mwaka 2020 watu kila jimbo walipokea pakiti za mbegu kutoka nje ambazo walisema hawakuziagiza, na tangu hapo wakaguzi wako macho.

Njia halali ipo. APHIS, idara ya ukaguzi wa afya ya wanyama na mimea iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, inatoa kibali cha mbegu chache. Kila pakiti isizidi mbegu 50 za aina moja au gramu 10, na mzigo usizidi pakiti 50. Andika jina la kisayansi la kila mmea. Zaidi ya hapo unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Si kila mmea unaruhusiwa, kwa hiyo omba mapema kabla hujasafiri, usisubiri uwanja wa ndege. Mbegu za bibi zinastahili usumbufu huo. Hizo hakuna kampuni itakayokuuzia.

---

DadaRehema

Mzee sasa tupe neno moja. Mwaka huu unaagiza wapi na kwa nini? Nina dola za kutosha oda mbili tu.

---

MzeeWaTrei

Sawa dada. Mimi sianzi na kampuni, naanza na mmea: huu naweza kujitunzia mbegu au siwezi?

Nyanya za kawaida zisizo chotara, maharage, kunde, letusi: hizi maua yake hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Ukinunua pakiti moja nzuri na kutunza mbegu, mwaka ujao humhitaji mtu. Bamia nayo inawezekana kama jirani hana aina nyingine karibu. Mchicha huchavushwa na upepo, basi acha aina moja tu ichanue na ng'oa mchicha pori wote. Kwa mazao haya umiliki wa kampuni haukupi shida hata kidogo. Nunua kwa mkulima mdogo, mara moja, ukipenda kwa sababu ya habari yake, na iwe ya kwako.

Mazao yanayonifanya nijali nani ni mwenye kampuni ni yale mengine. Karoti hutoa mbegu mwaka wa pili, na huku karoti pori imejaa pembeni mwa barabara zote. Nyuki anazichanganya na mbegu yako inaharibika. Kabichi na collards zinataka kupita kwenye baridi ndipo zichanue, na kwa hapa Maine collards nyingi zinakufa kabla ya kufika huko. Tena zinahitaji mimea mingi na umbali mkubwa kutoka kwa ndugu zao. Kitunguu ni vivyo hivyo, na mbegu yake ikikaa zaidi ya mwaka mmoja au miwili uotaji unaporomoka, hata kuweka akiba huwezi. Ongeza chotara zote. Kwa haya kila mwaka unarudi kwa muuzaji na kumkabidhi msimu wako. Hapo ndipo nataka ushirika, au kampuni ya wafanyakazi, au familia inayolima yenyewe.

Kwa hiyo oda zangu mbili: Fedco kwa karoti, kabichi, vitunguu na viazi, kwa sababu ya zile namba za chanzo. Johnny's kwa chotara za kuuza sokoni, kwa sababu ya uotaji ulioandikwa na kwa sababu wana watafiti wao wenyewe. Tango la Diva lilitoka kwao. Wewe uliye Ohio, ningesema weka Southern Exposure nafasi ya mojawapo kama collards ndio mboga yako kuu. Kunde na nyanya za kutunza nimeshaacha kununua.

---

LengaLenga_Bukavu

Papa, asante. Mimi vitunguu nilipanda mwaka jana mbegu ya rafiki kutoka nyumbani, vikatoa majani machache na vichwa vidogo mno.

---

MzeeWaTrei

Tatizo si la mkono wako ndugu. Vitunguu vya kwetu, kama Red Creole, ni vya siku fupi, vimezoea mchana wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwenye siku ndefu za huko vinaanza kufunga vichwa mapema, kabla mmea haujakua. Louisville mko katikati, chukua aina za siku za kati, kwenye katalogi huandikwa wazi. Sisi Maine tunapanda za siku ndefu. Ya kuhifadhi niliyoitegemea ilikuwa Copra, ya Bejo, kampuni ya familia ya Uholanzi. Waliiondoa wakaleta Patterson badala yake. Hapo hakuna aliyeuzwa, mtafiti mwenyewe aliamua. Patterson imenipa vichwa vigumu na vinakaa mpaka machipuko, nimeikubali.

Nunua mbegu ya mwaka huu, si ya jana. Panda kwenye trei mwishoni mwa Februari, fukia nusu sentimita, na majani yakifika urefu wa kidole yapunguze kwa mkasi ili miche inenepe. Aprili toa nje. Ukikwama nitumie picha hapa hapa kwenye uzi.